Ufa, Mnato na Mfano: Maneno Matatu katika Kueleza Mwendo wa Ndani ya Dunia

1. Utangulizi

Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Suswa, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, na barabara ya kutoka Mai Mahiu kwenda Narok ikakatika. Picha za korongo lile zilienea upesi ulimwenguni, na pamoja nazo ikaenea habari kwamba bara la Afrika lilikuwa likigawanyika mbele ya macho ya watu. Wataalamu kadhaa wa jiolojia waliyapinga maelezo hayo. Walisema kwamba udongo wa mahali pale umetokana na majivu ya volkano, kwamba ni udongo laini, na kwamba yamkini maji yalikuwa yameuchimba kutoka chini hata sehemu ya juu ikaporomoka. Bara la Afrika linagawanyika kweli, lakini kwa milimita chache kwa mwaka. Ikiwa kasi hiyo ni milimita 5, basi pande mbili za bonde zitahitaji miaka 200,000 ili kuachana kwa kilomita moja.

Ni rahisi kuwalaumu waandishi wa habari kwa kosa hilo. Hata hivyo, lugha nayo ina sehemu yake. Kwa msemaji wa Kiswahili, ufa ni mpasuko mwembamba uonekanao ukutani au katika chungu. Huanza kidogo, hupanuka, na hatimaye huangusha kilichopasuka. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta imejengwa juu ya fikira hiyo. Lakini J. W. Gregory, mwanajiolojia Mwingereza aliyelizuru bonde hili mwaka 1893 na kulipa jina la Kiingereza ambalo Kiswahili kililitafsiri, hakukusudia mwanya wa namna hiyo. Alikusudia kipande kirefu cha nchi kilichodidimia kati ya kingo mbili. Mtu aliyezoea jina Bonde la Ufa akiona korongo jipya ndani ya bonde hilo, haina ajabu akidhani kwamba ufa wenyewe ndio huo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wataalamu wanavyotumia hesabu za tarakimu kuchunguza mambo yanayotendeka ndani ya dunia, mahali ambapo jicho la mwanadamu halifiki. Pamoja na maelezo hayo, yatapimwa maneno ambayo Kiswahili kinaweza kuyatumia kwa kazi hiyo. Dai la makala ni kwamba katika elimu hii neno lisilofaa hupotosha maana kwa namna inayoweza kutajwa na kupimwa, na kwamba Kiswahili tayari kina sehemu kubwa ya maneno yanayohitajika.

2. Majina ya matabaka

Nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,371. Shimo refu kuliko yote yaliyochimbwa kwenda chini, lililochimbwa na Wasovieti katika rasi ya Kola, lilizidi kilomita 12 kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo karibu yote yajulikanayo kuhusu sehemu za chini yametokana na mawimbi ya matetemeko ya ardhi, ambayo hupita ndani ya dunia na kupokewa na mitambo upande wa pili. Mwaka 1909 Andrija Mohorovičić alitambua mpaka ulio chini ya tabaka la juu. Mwaka 1914 Beno Gutenberg alikadiria kwamba mpaka wa kiini uko kilomita 2,900 hivi kwenda chini. Mwaka 1926 Harold Jeffreys alitoa hoja kwamba kiini hicho ni kioevu, na mwaka 1936 Inge Lehmann akaonyesha kwamba ndani yake kuna kiini kingine kidogo.

Yako basi matabaka matatu makubwa ya kutajwa. La juu limepewa majina kadhaa yanayoweza kushindana: ganda, gamba na ukoko. Neno ukoko lina mvuto wake. Ukoko hutokana na wali ule ule uliomo sufuriani, nalo tabaka la juu la dunia limetokana na miamba ya chini iliyoyeyuka kwa sehemu na kupanda. Lakini ukoko hukaa chini, karibu na moto, ilhali tabaka hili liko juu, mbali na joto. Gamba hukumbusha samaki, ambaye magamba yake ni mengi na hulaliana. Ganda ndilo lililo salama zaidi: ni jembamba, ni gumu, tena ni la kitu tofauti na kilicho ndani yake.

Tatizo kubwa liko katika tabaka la pili. Wako wanaoliita koti la dunia, kwa kufuata lugha za Ulaya, ambamo jina lake lina maana ya joho. Koti, hata liwe zito namna gani, ni jembamba kuliko mwili unaolivaa. Tabaka hili, kinyume chake, linachukua zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wa dunia. Anayesikia neno koti atafikiri kwamba dunia ni kiini kilichofunikwa, wakati ambapo dunia kwa sehemu kubwa ni koti lenyewe.

Mfano wa yai nao umetumika mara nyingi, nao ndio uliotupia lugha neno kiini. Lakini katika yai kilicho kati ya ganda na kiini ni ute, nao ute ni majimaji. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa yai ataamini kwamba ganda la dunia huelea juu ya bahari ya miamba iliyoyeyuka, na imani hiyo ni kosa. Tunda la embe lafaa zaidi. Embe lina ganda, lina nyama na lina kokwa. Nyama ndiyo sehemu kubwa, nayo hushikika mkononi na hukatwa kwa kisu. Katika makala haya tabaka hilo litaitwa tabaka la kati, ili kutotanguliza uamuzi ambao ni haki ya wasomi wa istilahi.

3. Yabisi linalosogea: neno mnato

Kwamba tabaka la kati si majimaji kunathibitishwa na mawimbi ya matetemeko. Liko wimbi ambalo hutikisa mwamba kwa upande, kama kamba iliyofungwa mtini na kutikiswa mwisho mmoja. Wimbi la namna hiyo haliwezi kupita katika kioevu, kwa sababu kioevu hakina nguvu ya kujirudisha kikisukumwa upande. Wimbi hili hupita katika tabaka la kati lote, na hukoma likifika kwenye kiini cha nje. Kwa hiyo tabaka la kati ni yabisi.

Hata hivyo, yabisi hilo husogea. Ushahidi ulio wazi kabisa watoka Skandinavia. Nchi hizo zilifunikwa na barafu nene katika zama zilizopita, na uzito wake ukaididimiza ardhi. Barafu ilikwisha kuyeyuka miaka kama 10,000 iliyopita, lakini ardhi ingali inainuka. Pwani ya kaskazini ya ghuba iliyo kati ya Uswidi na Ufini huinuka karibu sentimita moja kila mwaka. Mwaka 1935 N. A. Haskell alitumia mwinuko huo kukadiria jinsi miamba ya chini inavyoukawilisha mwendo. Kipimo alichokipata, kikilinganishwa na kile cha maji, ni tarakimu 1 inayofuatwa na sufuri 24.

Kipimo hicho kiitweje? Katika matumizi ya kila siku Kiswahili husema uji mzito na uji mwepesi, asali nzito na asali nyepesi. Ni usemi mzuri, lakini haufai katika sayansi, kwa kuwa neno uzito limekwisha kutwaliwa na kipimo kingine. Zebaki ni nzito kuliko asali kwa mizani, ilhali ikimiminwa hukimbia kama maji. Mwandishi atakayesema kwamba tabaka la kati ni zito sana hataeleweka kama anataja mizani au ukawaji wa mwendo. Neno mnato, kutokana na kitenzi kunata, limetenganisha maana hizo mbili. Mnato wa asali ni mkubwa, uzito wake ni wa kadiri. Mnato wa zebaki ni mdogo, uzito wake ni mkubwa.

Baada ya nomino kuna vitenzi. Kutiririka na kumiminika ni vitenzi vya majimaji, na akivitumia mwandishi bila tahadhari atairudisha ile bahari ya moto chini ya ganda. Lakini Kiswahili kina vitenzi vya yabisi vinavyobadilika umbo polepole: boriti iliyolemewa hunepa, udongo hufinyangika, ngozi hunyumbuka. Kipo hata kitu cha kuonyeshea. Lami iliyokauka hupasuka ikigongwa kwa nyundo. Lami hiyo hiyo ikiachwa juu ya mdomo wa faneli hushuka yenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, jaribio la namna hii lilianzishwa mwaka 1927, na kufikia mwaka 2014 yalikuwa yamedondoka matone tisa tu. Barafu ya milimani nayo ni yabisi, na husogea kuteremka kwa uzito wake yenyewe. Kinachoamua kama kitu ni kigumu au hujongea si kitu chenyewe peke yake. Ni muda ambao nguvu imekishika. Tetemeko hupita kwa dakika chache, na tabaka la kati hulijibu kwa ugumu wa chuma. Joto hulisukuma kwa mamilioni ya miaka, nalo husogea.

Kutoielewa tofauti hiyo kuliwahi kuleta kosa mashuhuri. Mwaka 1862 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alipiga hesabu ya umri wa dunia kwa kuichukulia kama kitu kigumu kinachopoa, ambacho joto lake hupita ndani yake bila kitu chenyewe kusogea. Alipata umri wa kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, na baadaye akaupunguza ukakaribia milioni 20. Wanajiolojia na wafuasi wa Darwin walihitaji muda mrefu zaidi, lakini hawakuweza kuishinda hesabu yake. Mwaka 1895 John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alionyesha kwamba hesabu ilikuwa sahihi na kwamba kosa lilikuwa katika dhana iliyotangulia hesabu. Ikiwa sehemu za ndani husogea, hupandisha joto daima, na umri unaweza kuwa mara nyingi zaidi. Leo umri wa dunia unajulikana kuwa kama miaka milioni 4,500. Aghalabu hudhaniwa kwamba kosa la Kelvin lilikuwa kutoijua nururifu, ambayo iligunduliwa baadaye. Lakini kosa kubwa zaidi ni lile alilolitaja Perry.

4. Kutoka mlinganyo hadi tarakimu

Mwendo unaotokana na joto waweza kuonekana katika sufuria ya maji jikoni. Maji ya chini hupata moto, hutanuka, huwa mepesi na kupanda. Ya juu hupoa na kushuka. Mwendo huo huanza kabla maji hayajachemka, na kwa hiyo kuuita mchemko ni kosa. Makala haya yatauita mzunguko wa joto. Mwanajiolojia Arthur Holmes, ambaye mwaka 1911 alikuwa Msumbiji akitafuta madini, alieleza mbele ya wanajiolojia wa Glasgow mwaka 1928 kwamba mzunguko wa namna hii ndani ya tabaka la kati unaweza kuyabeba mabara. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1931. Yalikuwa maelezo ya maneno na michoro. Mwaka 1939 David Griggs alitengeneza chombo chenye vimiminika vyenye mnato na magurudumu ya kuvizungusha, ili kuona jinsi sehemu ya juu itakavyokunjika. Hatua iliyofuata ilihitaji kompyuta.

Hesabu zenyewe zimejengwa juu ya kanuni tatu. Ya kwanza yasema kwamba kitu hakipotei: kinachoingia mahali lazima kitoke au kibaki. Ya pili yasema kwamba nguvu hulingana: uzito wa mwamba, shinikizo na ukinzani wa mnato hutoshelezana. Ya tatu yahusu joto: hubebwa na mwamba unaosogea, hupenya kutoka penye moto kwenda penye ubaridi, na huzalishwa na madini nururifu yaliyomo miambani. Katika kanuni ya pili kuna jambo la pekee. Lori likizimwa injini huendelea kidogo kwa msukumo wake. Tabaka la kati haliendelei hata kidogo, kwa kuwa mnato wake ni mkubwa kupita kiasi. Nguvu ikikoma, mwendo nao hukoma papo hapo.

Kanuni hizi huandikwa kwa milinganyo, na milinganyo hiyo inajulikana tangu karne ya 19. Shida ni kwamba haitatuliki kwa kalamu ila katika hali nyepesi. Mnato wa mwamba hutegemea joto lake. Joto huchukuliwa na mwendo. Na mwendo hutegemea mnato. Kila jibu limeshikiliwa na jibu jingine. Mwaka 1916 Lord Rayleigh alionyesha kwa hali nyepesi kwamba namba moja, inayokusanya unene wa tabaka, tofauti ya joto, mnato na mengineyo, huamua kama mzunguko utaanza. Namba hiyo ikizidi elfu moja hivi, mzunguko huanza. Kwa tabaka la kati la dunia namba hiyo ni mamilioni mengi. Kwa hiyo mzunguko hauna budi kuwapo. Lakini umbo lake haliwezi kujulikana kwa namba moja.

Njia iliyopatikana ni ya wavu. Badala ya kutafuta joto la kila nukta katika mwamba, ambazo hazina idadi, mwamba hugawanywa kwa macho ya wavu, na kila jicho hupewa tarakimu chache: joto lake, shinikizo lake, na kasi yake kwa pande tatu. Muda nao hukatwa vipande. Kisha hukadiriwa jinsi tarakimu za kila jicho zitakavyobadilika katika kipande kimoja cha muda, kwa kutazama majirani zake.

Mfano mdogo utafafanua. Chukua macho matatu yaliyo katika mstari, yenye joto la 100, 60 na 40. Ili kupata joto jipya la jicho la katikati, jumlisha joto la majirani wawili, upate 140, toa mara mbili ya joto lake lenyewe, yaani 120, hubaki 20. Chukua robo ya 20, yaani 5, uiongeze kwenye 60. Joto jipya ni 65. Hesabu hiyo ni ya mwanafunzi wa shule ya msingi, na kompyuta haifanyi lililo gumu zaidi ya hilo. Hulifanya mara nyingi tu.

Ile robo hutegemea urefu wa kipande cha muda. Ikiwa msomaji ana haraka na akachukua kipande kirefu mara nne, robo itakuwa nzima. Sasa chukua macho yenye joto la 0, 100 na 0. Jumla ya majirani ni 0, toa 200, ongeza kwenye 100. Jibu ni 100 chini ya sufuri. Mahali palipokuwa na moto pamekuwa baridi kuliko majirani wake wote, jambo lisilotokea katika maumbile. Hesabu haikukosewa, na kanuni haikuvunjwa kwa makusudi. Kilichokosewa ni urefu wa hatua. Katika hesabu hii nyepesi ya joto, sehemu inayochukuliwa haipaswi kuzidi nusu. Hapa pana funzo kwa asiye mwanahisabati: kompyuta yaweza kutoa jibu nadhifu, lenye michoro na rangi, ambalo ni upuuzi mtupu.

Wavu nao una mpaka wake. Kipande cha dunia chenye urefu wa kilomita 1,000, upana wa kilomita 1,000 na kina cha kilomita 500, kikigawanywa kwa macho ya kilomita 5, huwa na macho 4,000,000, yaani tarakimu 20,000,000 za kutafutwa katika kila hatua. Ukitaka macho ya kilomita 2 na nusu, idadi huwa 32,000,000, na kwa kuwa hatua za muda nazo aghalabu hupunguzwa kwa nusu, kazi huongezeka mara 16. Ndiyo maana kazi za mwanzo, kama ile ya McKenzie, Roberts na Weiss ya mwaka 1974, zilitazama mzunguko katika mkato bapa tu wa tabaka la kati. Na kama mvuvi ajuavyo, samaki aliye mdogo kuliko jicho la wavu hapatikani. Ufa wa mita kumi haumo katika hesabu yenye macho ya kilomita 5, wala mtu asiutafute humo.

5. Mfano, kielelezo au kiigizo?

Kazi nzima iliyoelezwa hapo juu huitwaje? Wanaisimu wenyewe wamelitumia neno modeli katika kueleza nadharia za sarufi, na neno hilo halina kosa ila kwamba halimwambii msikilizaji chochote. Kielelezo ni kitu kinachoonyesha. Mchoro wa ubaoni ni kielelezo. Lakini mchoro hauwezi kumshangaza aliyeuchora, ilhali hesabu ya mzunguko wa joto humshangaza aliyeitunga, kwa kuwa hutoa matokeo ambayo hakuyaweka. Kiigizo kina sifa ya kutenda: mwigizaji hufuata nyendo za mwingine. Hata hivyo, anayeigiza amekwisha kumwona anayeigizwa, na hakuna aliyeuona mzunguko wa tabaka la kati.

Neno mfano lina maana mbili zinazovutana. Kwa upande mmoja ni sura inayofanana na kitu: mtoto ni mfano wa baba yake. Kwa upande wa pili ni jambo linalodhaniwa ili hoja iendelee, kama katika usemi tuseme kwa mfano. Maana hii ya pili ndiyo hasa inayotakiwa. Hesabu ya tarakimu haisemi kwamba dunia iko hivi. Yasema kwamba lau dunia ingekuwa na mnato huu, joto hili na ganda hili, yangetokea haya. Kiswahili kina viambishi vya kazi hiyo, -nge- na -ngali-, na mwandishi wa sayansi anayevitumia vizuri atakuwa amesema ukweli zaidi kuliko yule anayetumia wakati uliopo. Kelvin hakukosa hesabu, alikosa -nge-. Alisema dunia ina umri huu, pale alipopaswa kusema ingekuwa na umri huu kama ndani yake kusingesogea kitu.

Hapa ndipo penye hatari. Matokeo mamoja yaweza kutokana na dhana mbili tofauti. Mwaka 1995 Glatzmaier na Roberts walitangaza hesabu ya mwendo wa chuma kioevu katika kiini cha nje, na katika hesabu hiyo usumaku wa dunia uligeuka wenyewe, kaskazini ikawa kusini, kama miamba inavyoshuhudia kwamba uliwahi kugeuka mara nyingi. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini kompyuta za wakati ule hazikuweza kubeba kioevu chenye mnato mdogo kama wa chuma halisi, na hivyo mnato uliotumika ulikuwa mkubwa kupita ule wa kweli kwa mbali. Matokeo yalifanana na maumbile, viungo havikufanana. Mfano unaofanana na asili yake si asili yake, na tofauti hiyo ikipotea katika tafsiri, msomaji wa Kiswahili atakuwa amepewa habari pungufu kuliko msomaji wa lugha nyingine.

6. Bonde la Ufa katika hesabu

Inafaa sasa kurudi Afrika ya Mashariki. Bonde la Ufa lina matawi mawili. La mashariki hupita Kenya na kuingia Tanzania ya kaskazini, nalo lina volkano nyingi. La magharibi hupita Ziwa Albert na Ziwa Tanganyika. Maziwa yake ni marefu, volkano zake ni chache zaidi. Katikati ya matawi hayo kuna nchi ya miamba mikongwe sana, yenye mizizi minene inayokwenda chini, ambayo wanajiolojia huiita kratoni ya Tanzania. Swali lilikuwa hili: ikiwa matawi yote mawili yametokana na sababu moja, mbona yametofautiana?

Vipimo vya mawimbi ya matetemeko vimeonyesha kwamba chini ya kusini mwa Afrika, karibu na kiini, kuna eneo kubwa ambamo mawimbi hupita polepole, na kwamba eneo hilo huelekea juu na kaskazini-mashariki, upande wa Afrika ya Mashariki. Wengi hulichukulia kuwa eneo la miamba yenye joto zaidi. Uchunguzi wa mawimbi uliofanywa nchini Kenya kati ya mwaka 1985 na 1994 umeonyesha pia kwamba ganda lililo chini ya bonde si nene sawasawa: lina kilomita 35 hivi chini ya Naivasha, na 20 tu chini ya Turkana. Tarakimu hizi zinarekebisha maana ya ufa. Chini ya Turkana ganda halikukatwa. Limenyumbuka na kuwa jembamba, kama unga wa chapati unavyovutwa.

Mwaka 2015 Koptev na wenzake walichapisha hesabu ya tarakimu kuhusu swali hilo. Waliweka katika kompyuta ganda linalovutwa polepole, kratoni yenye mizizi minene, na chini yake nguzo moja ya mwamba wa moto inayopanda. Nguzo ilipofika kwenye mizizi ya kratoni ilizuiwa, na sehemu yake kubwa ikakengeuka upande mmoja. Upande huo ulipata bonde lenye moto mwingi. Upande wa pili ulipata bonde pia, lakini lisilo na moto mwingi. Matawi mawili yalitoka katika sababu moja, bila ya kuhitaji kuweka nguzo mbili wala kudai kwamba ganda la upande mmoja lilikuwa dhaifu tangu mwanzo.

Hesabu hiyo imethibitisha kitu gani? Imethibitisha kwamba nguzo moja ingetosha. Haikuthibitisha kwamba nguzo ni moja. Tofauti kati ya sentensi hizi mbili ndiyo inayomtenga mtaalamu na mpiga ramli, nayo imebebwa na kiambishi kimoja.

Haifai pia kumfariji msomaji kupita kiasi. Kusema kwamba bara hugawanyika kwa milimita chache kwa mwaka ni kutaja wastani. Mwezi wa Septemba 2005, katika eneo la Afar nchini Ethiopia, ardhi ilifunguka kwa urefu wa kilomita 60 hivi, na mahali pengine kwa upana wa karibu mita 8, katika muda wa siku chache, baada ya mwamba ulioyeyuka kujipenyeza kutoka chini. Milimita za karne nyingi zaweza kulipwa kwa wiki moja. Kwa hiyo mkazi wa Suswa aliyeogopa mwaka 2018 hakuwa mjinga. Alikosa maneno ya kumwezesha kuuliza swali lililofaa: je, mpasuko huu umechimbwa na maji kutoka juu, au umesukumwa na moto kutoka chini?

7. Hitimisho

Mambo manne yanafuata kutokana na maelezo haya. Kwanza, neno ufa libaki katika jina la bonde, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka, lakini vitabu vya shule viongeze kwamba bonde hili limetokana na kunyumbuka na kudidimia kwa nchi, wala si mpasuko wa ukutani. Pili, mnato utengwe na uzito, na vitenzi vya yabisi vitangulizwe mbele ya vitenzi vya majimaji. Tatu, yai liachwe na embe lichukuliwe, angalau kwa tabaka la kati. Nne, panapohusika mfano wa hesabu, masharti yake yasemwe kwa -nge- mpaka ushahidi mwingine uruhusu kuyaondoa.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji neno geni. Ganda, nyama, kokwa, mnato, wavu na jicho lake, kunepa na kunyumbuka ni maneno ya sokoni, ya jikoni na ya pwani. Kazi iliyobaki ni kuyapanga yasigongane, na kazi hiyo si ya mwanajiolojia peke yake. Yeye aweza kupima kina cha ganda chini ya Turkana; lakini kama mkulima wa Mai Mahiu atakielewa kipimo hicho, au atakimbia korongo lililochimbwa na mvua, hilo hutegemea pia wale ambao kazi yao ni kupima maneno.